Kumwambia Mkubwa Asimame: Juu ya Vikumbusho vya Kompyuta

Mwaka jana nilifanya staji ya miezi miwili katika biro moja ya hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta fomu zilizojazwa kwa mkono. Meza iliyofuata yangu ilikuwa ya mama mmoja ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Alifika saa mbili kasoro robo asubuhi na kuondoka saa tisa na nusu mchana, na kati ya saa hizo nilimwona anasimama mara tatu tu: kwenda msalani, kumwamkia shefu, na kwenda nyumbani. Jioni alikuwa akivaa kandambili, kwa sababu viatu alivyokuja navyo asubuhi vilikuwa havimwingii tena. Aliniambia bila kulalamika: «Mwanangu, hii miguu inajua saa kuliko ile saa ya ukutani.»

Nikajiona mjanja. Kuna programu za bure, kama Workrave na Stretchly, zinazomkumbusha mtu kila baada ya muda kwamba ameketi vya kutosha. Nikaomba ruhusa yake, nikamwekea moja, nikaipanga itokee kila nusu saa, na nikaandika ujumbe wake kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya biro: Levez-vous! Ilipotokea mara ya kwanza, mama aliinua kichwa, akautazama mlango, akaniuliza: «Nani ameingia?»

Nilicheka siku ile. Baadaye niliacha kucheka, maana swali lake lilikuwa la mwanaisimu kuliko langu mimi ninayesoma isimu. Tangu shule ya msingi sisi sote tumesikia maneno hayo mkaguzi anapoingia darasani, hakimu anapoingia mahakamani, mkubwa anapoingia biro. Kusimama kwetu ni heshima kwa mtu aliyeingia. Mashine inayosema «simama» wakati hakuna aliyeingia imesema jambo lisilo na maana. Mama akaifunga, akarudi kwenye fomu zake.

Katika makala haya nataka kutetea rai moja. Vikumbusho vya kompyuta ni dawa nzuri na rahisi kwa watu wanaokaa kitako siku nzima, na tungefaa kuviweka hata hapa kitivoni kwetu. Lakini havitafanya kazi tukivileta kama vilivyo. Vinahitaji vitu viwili ambavyo hakuna programu inayokuja navyo: maneno yanayofaa, na ruhusa ya kuinuka. Maneno ni kazi yetu sisi wa lugha. Ruhusa ni kazi ya wakubwa wetu.

Kwanza, je, kukaa ni jambo la kutuhangaisha? Hofu hii haikuzaliwa na kompyuta. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyetoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, aliwaongeza waandishi wa ofisini katika chapa ya 1713. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa bila kuondoka, mkono unaorudia mwendo uleule, na akili isiyopumzika. Kompyuta imebadilisha kalamu tu. Mambo mengine yote yako palepale. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mabasi ya London. Dereva na kondakta walikuwa wakifanya kazi katika basi moja, hewa moja, saa zilezile. Lakini dereva aliketi, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa siku nzima. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Waliwatazama pia wafanyakazi wa posta, na waliokuwa wakitembea kupeleka barua walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliokaa ofisini.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake juu ya mwendo wa mwili. Linamwomba mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na papo hapo apunguze muda wa kukaa, aweke mahali pake mwendo wowote ule, hata mwepesi. Halikutaja idadi ya saa ambazo mtu akizipita ameingia hatarini. Linasema tu: kukaa kidogo ni bora kuliko kukaa sana. Na kuhusu miguu ya yule mama, hata asiye daktari anaweza kuelewa. Misuli ya ndama za miguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi juu. Isipofanya kazi, maji hushuka na kubaki chini, na viatu vinakataa.

Najua jibu ambalo wenzangu watanipa, kwa sababu nimekwisha kulisikia: «Hayo ni matatizo ya Wazungu wenye magari. Sisi tunatembea.» Jibu hili lina ukweli ndani yake, na sitaki kulipuuza. Mwaka 2016 Ulf Ekelund na wenzake walikusanya tafiti zenye watu zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba wale wanaopata dakika 60 hadi 75 za mwendo wa wastani kila siku hawakuonyesha ile hatari ya kufa mapema inayowaandama watu wanaokaa sana. Mwanafunzi anayetoka Katuba kwa miguu, akaja chuoni na kurudi, yuko katika kundi hilo. Lakini yule mama hupanda teksi-basi karibu na nyumba yake na kushuka mbele ya biro. Jioni anapika, anakaa, analala. Na mwanafunzi huyo wa Katuba, siku atakapopata kazi aliyoisomea, atafanya nini? Atapanda teksi-basi. Katika mji wetu, kutembea kwa miguu ni dalili ya kukosa, na kuketi ni dalili ya kufika. Tunasoma miaka mitano ili tupate kiti.

Kuna kikumbusho kimoja tulichokijua kabla ya programu zote: umeme kukatika. Ukikatika, biro nzima inainuka. Watu wanatoka nje, wanasimama chini ya mwembe, wanaulizana habari za watoto, wanapata robo saa ya jua na maneno. Hakuna shefu anayeuliza kwa nini viti ni vitupu. Sisemi umeme ukatike. Tumeumia nao vya kutosha. Nasema tuangalie kwa nini kikumbusho hicho kinafanya kazi. Kinamgusa kila mtu kwa wakati mmoja, hakimtaji mtu jina, na hakuna anayepata lawama kwa kukitii. Sasa kompyuta za kubebeka zina betri na biro nyingi zina sola, na hata mapumziko hayo ya bahati mbaya yanatuponyoka.

Je, programu inaweza kushika nafasi hiyo? Tafiti zinajibu kwa tahadhari. Mwaka 2012, watafiti wa Glasgow walichapisha jaribio lao dogo kwa wafanyakazi wa ofisi wasiofika thelathini. Kundi moja lilipewa mafunzo tu juu ya madhara ya kukaa. Kundi la pili lilipewa mafunzo hayohayo pamoja na programu iliyowakumbusha kila nusu saa kuinuka. Waliokumbushwa walipunguza vile vipindi virefu vya kukaa zaidi ya nusu saa bila kuondoka. Lakini jumla ya muda wao wa kukaa kwa siku haikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa maneno mengine, kengele ilikatakata kukaa vipandevipande, haikukupunguza.

Linganisha na jaribio la Leicester lililochapishwa mwaka 2018, kwa wafanyakazi 146 wa ofisi za hospitali. Hao hawakupewa kengele peke yake. Walipewa meza zinazopandishwa na kushushwa, mafunzo, kifaa cha kuwakumbusha, na mtu wa kuzungumza nao mara kwa mara juu ya maendeleo yao. Na wakubwa wao walikuwa wamekubali. Baada ya miezi kumi na miwili, walikuwa wakikaa kama dakika 83 chini ya wenzao katika siku ya kazi. Mimi nasoma matokeo haya mawili hivi: kikumbusho ni neno, na neno linahitaji mahali pa kusikika. Ukimwambia mtu ainuke, na mazingira yake yote yanamwambia akae, atafuata mazingira.

Sasa nirudi kwenye maneno, maana hapo ndipo kitivo chetu kina la kusema.

Baada ya Levez-vous kushindwa, nilijaribu Kiswahili. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa: «Umekaa muda mrefu.» Mama akausoma, akatabasamu, akasema: «Ndiyo, miaka kumi na tisa.» Nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua. Kitenzi kukaa kina nyumba mbili. Ni kuwa juu ya kiti, na ni kuishi au kudumu mahali. Tukimuuliza mtu «unakaa wapi?» hatuulizi habari za kiti chake. Kiswahili cha hapa Lubumbashi kinafanya vilevile na kuikala. Katika lugha yetu, kukaa muda mrefu ni baraka tunayowaombea wazee. Ukitaka kumwonya mtu juu ya kiti, tumia kuketi, au sema kukaa kitako, ambako hakuna utata. Jambo dogo, lakini mfasiri wa mbali, au mashine ya kufasiri, asingeliona.

Halafu likaja swali la amri. Simama! ni neno la polisi barabarani na la mwalimu anayetoa adhabu. Wengi wetu tuliadhibiwa kwa kusimamishwa mbele ya darasa. Simameni! ni la padre na la hakimu. Hapa kwetu, kwa mtu mkubwa tunatumia wingi wa heshima: Musimame, mama. Ni neno zuri, lakini bado ni mimi mdogo ninayemwambia mkubwa aondoke kwenye kiti, na desturi yetu inasema kinyume: mdogo ndiye anayeinuka ili mkubwa aketi. «Karibu, ukae» ni mwanzo wa ukarimu wote. Mgeni tusiyempa kiti tumemfukuza. Basi mashine inayomwambia mama wa miaka hamsini asimame inavunja adabu mara mbili: inaamuru, na inamnyang'anya kiti.

Tena, ni nani anayesema? Mashine haina umri. Si kaka, si mjukuu, si shefu. Katika lugha zinazomtaka msemaji ajue cheo cha msikilizaji kabla ya kufungua mdomo, hilo ni tatizo la kweli wala si mapambo ya sarufi. Suluhisho nililolipata halikutoka kwenye vitabu. Lilitoka kwa mama mwenyewe. Nilimuuliza: «Kama mimi ningetaka muinuke, ningesema vipi?» Akafikiri, akasema: «Ungeinuka wewe kwanza, halafu ungesema twende.»

Nikaandika: «Mama, tunyooshe miguu kidogo.» Kiambishi tu- kinamweka msemaji ndani ya kazi, hakuna anayetumwa. Kidogo kinaondoa uzito. Na kunyoosha miguu hakusemi chochote juu ya kiti: hakumwambii mtu aache nafasi yake, kunamtakia miguu yake nafuu. Ujumbe ulipotokea, mama aliinuka, na mimi nikainuka. Tulikwenda mpaka dirishani na kurudi. Dakika mbili hazikufika.

Sitadanganya kwamba hapo ndipo hadithi ilipoishia vizuri. Wiki ya kwanza aliinuka karibu kila mara. Wiki ya pili alianza kuufunga ujumbe bila kuusoma, kama tunavyofunga matangazo ya simu. Neno lililosemwa kila nusu saa kwa sauti ileile linageuka kelele. Tukabadilisha: siku moja ulikuwa mwaliko, siku nyingine swali («Maji ya kunywa yamebaki?»), siku nyingine mwanzo wa methali ambayo mwisho wake niliubandika ukutani, upande wa pili wa chumba. Huo wa methali ndio uliodumu. Hata wenzake wa meza nyingine walianza kuinuka kwenda kusoma, na kubishana kama nimeinukuu sawasawa.

Lililotushinda lilikuwa lile la pili: ruhusa. Asubuhi moja shefu aliingia akatukuta watatu tumesimama ukutani. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya mzaha: «Naona leo hakuna kazi.» Ilitosha. Siku ile yote hakuna aliyeinuka tena. Mama akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni: «Hapa kiti kitupu ni mtu asiyekuja kazini.» Baadaye alipata njia yake. Aliomba kabati la fomu lihamishiwe upande wa mlango, na badala ya kubeba fomu zote kwa mara moja, akawa anachukua kidogo kidogo. Kusimama kwake kukawa na sura ya kazi. Nilimheshimu kwa akili hiyo, na niliona haya kwamba aliihitaji. Mtu asilazimike kujificha nyuma ya kabati ili damu itembee miguuni mwake.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje kabla mtu hajanikosoa. Programu inayojua mtu ameketi muda gani inajua pia ameondoka muda gani. Katika mikono ya mkubwa mwenye shaka, kikumbusho kinageuka mpelelezi. Kwa hiyo hesabu zozote zinazowekwa na programu ziwe za mwenye meza peke yake. Programu ya bure iliyo wazi, inayokaa ndani ya kompyuta ya mtumiaji na isiyotuma habari popote, ni salama kuliko ile inayosimamiwa kutoka biro ya juu.

Na sisi hapa? Tunapenda kusema kwamba mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ni mtu wa uwanjani, mtu wa miguu. Ni kweli kwa wiki tatu. Baada ya hapo tunarudi na sauti tulizorekodi, tunafungua ELAN, na tunaketi. Kila aliyewahi kuandika mazungumzo ya wazee wawili wanaokatizana anajua kwamba dakika moja ya sauti inaweza kula saa nzima. Mimi nilimaliza sura ya pili ya tasnifu yangu nikiwa na mgongo wa mtu wa miaka sitini, na nina ishirini na minne. Walimu wetu, ambao wamekaa miaka mingi kuliko sisi, kwa maana zote mbili za kitenzi hicho, hawasemi. Lakini tunawaona wanavyoshika kiuno wakitoka kwenye chumba cha mitihani.

Basi napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalodai fedha.

La kwanza, programu ya kukumbusha iwekwe kwenye kompyuta za chumba chetu na za sekretarieti, kwa ridhaa ya wanaozitumia. Asiye na kompyuta atumie kengele ya simu.

La pili, maneno ya ujumbe yaandikwe na sisi, katika lugha zetu nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, kisha katika lugha nyingine tunazozisoma. Iwe zoezi la somo la pragmatiki: mwambie mtu aliyekuzidi umri aondoke kwenye kiti chake bila kumvunjia heshima. Katiba ya mwaka 2006 inazitambua lugha hizo nne kuwa za taifa, lakini kompyuta zetu bado zinatuamuru kwa Kifaransa. Hapa pana mahali padogo pa kuanzia, na matokeo yake tutayaona siku hiyohiyo.

La tatu, katika kila kipindi kirefu, mwalimu atoe dakika mbili za kuinuka katikati, na aanze yeye. Mama wa biro alikwisha kunifundisha: anayetaka wengine wainuke, ainuke kwanza.

La nne ndilo gumu, na ndilo linalobeba mengine. Wakuu wa biro zetu waseme wazi, kwa mdomo wao, kwamba kiti kitupu kwa dakika mbili si utoro. Bila sentensi hiyo, programu zote ni kelele.

Wahenga walisema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuwasukuma wavivu. Lakini yule mama hakukaa bure hata siku moja. Amekaa akifanya kazi miaka kumi na tisa, na malipo yake yameonekana miguuni. Niliporudi kumsalimia baada ya miezi mitatu, nilikuta kompyuta yake imebadilishwa na programu haipo. Kabati lilikuwa bado karibu na mlango. Aliniona nimesimama, akafanya kama afanyavyo kila mtu mwenye adabu: akanivutia kiti. Nikamwambia: «Hapana, mama. Tunyooshe miguu kidogo.» Akatazama kwanza kama shefu yupo.